Mwili wa Watu Wawili

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa ukimya wangu. Barua zako zote za mwaka jana zilinifikia, na zote zimo ndani ya mtoto wa meza karibu na kitanda, mahali ambapo siwezi kutafuta sindano bila kuuona mwandiko wako. Sikukusahau. Kila nilipoketi kukujibu niliandika salamu, nikaandika kwamba mimi ni mzima, na hapo kalamu ikasimama. Maneno hayo hayana aibu yakienda nyumba nyingine. Yakija nyumba aliyomo Dada, nayaona kama matusi.

Basi nianze kwa kuuliza. Goti lako likoje? Dada anaendeleaje? Mkono wake wa kushoto bado unashika kikombe?

Mimi ningali katika karakana ile ile ya mazulia, ghorofani, juu ya duka la misumari na rangi. Anayetusimamia ni mama mmoja mfupi ambaye sisi mafundi humwita Mkasi, kwa ajili ya ulimi wake. Juzi aliniletea zulia lililoliwa na nondo, akalitupa mezani kwangu: "Haya, Bi Wekundu, mume wako huyu, mshonee uso." Mazulia mekundu yote ni yangu. Wenzangu wanaimudu kijani, wanaimudu buluu. Nyekundu inawashinda, kwa kuwa nyekundu ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Wewe ulitufundisha kuzitenganisha, mimi na Dada, kabla hatujajua kusoma.

Sasa jambo lenyewe. Umeniandikia kwamba kuna daktari anayechunguza familia zenye ugonjwa wa Dada, na kwamba anataka damu ya mapacha wanaofanana: mmoja mgonjwa, mmoja mzima. Umeandika pia kwamba Dada yuko tayari, lakini hatatoa damu mpaka nikubali.

Jibu langu ni hapana, Baba. Nimelipima muda mrefu, na ndiyo maana nilinyamaza. Damu ya Dada ikisomwa, na yangu imesomwa. Ndugu wengine hugawana urithi, huyu akachukua hiki na yule kile. Sisi hatukugawana kitu. Mimi ni nakala yake. Daktari akifungua ya Dada, ameifungua na yangu, hata nikiwa huku mbali nimefunga mlango.

Sitaki kujua. Nisalimie Dada, na usimsomee maneno haya kwa sauti kali.

Mwanao


26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako tumezipokea, na tumefurahi kuuona mwandiko wako baada ya kuutafuta sana mlangoni. Goti langu hubishana nami kwenye ngazi, lakini ngazi ni chache. Radhi nimekupa. Sababu uliyoitoa sijaikubali. Mtu hamnyimi mzazi wake barua kwa kuwa ni mzima. Kama uzima ni aibu, basi utuletee hiyo aibu; humu ndani hatuna.

Dada yako hashiki tena kikombe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia unashika, asubuhi zaidi ya jioni. Jicho moja linaona kama kupitia kioo cha bafuni. La pili ni zuri. Kutoka kitandani hadi maliwatoni bado anakwenda mwenyewe akishika ukuta, na ole wake anayejaribu kumsaidia. Ulimi haujaguswa. Jirani yetu mwashi alipokuja kumjulia hali alisimama mlangoni kama mdaiwa. Dada yako akamwambia: "Karibu ndani, siambukizi. Ningekuwa naambukiza ningekuwa nimekwisha kukutembelea."

Nilimsomea barua yako yote. Sikuona haki ya kumficha. Ulipojiita nakala alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie nakala haina mamlaka ya kumkatalia asili," alisema. Kisha akageuza uso, na baadaye akasema kwa sauti nyingine: "Mwambie simlazimishi. Ila ajue kwamba nimekaa na mwili wetu peke yangu miaka yote hii, na mwili huu haujafanya kazi hata moja tangu niliposhindwa kushika sindano. Nataka ufanye kazi moja."

Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyatamka.

Nilimtaka daktari anieleze jambo hili kwa Kiswahili cha kueleweka, naye, mtoto wa watu, alijitahidi. Ugonjwa wenyewe una jina refu la kigeni, ambalo maana yake ni makovu mengi. Kinga ya mwili, iliyowekwa ilinde nyumba, inawageukia wenye nyumba, na kuitafuna ala inayofunika neva. Palipotafunwa pana kovu. Nikamuuliza kama ni jambo la kurithi. Akasema hakuna jeni moja ya ugonjwa huu. Kuna tofauti ndogondogo mamia katika vinasaba, kila moja ikisukuma kidogo sana. Moja tu, iliyo mahali pa kuongoza kinga, husukuma kwa nguvu zaidi. Lakini hata wenye hiyo, wengi wao huzeeka bila kuugua. Zaidi ya hapo kuna mambo ya nje: kirusi fulani ambacho karibu kila mtu hukipata ujanani, uhaba wa jua, moshi wa sigara, na mengine wasiyoyajua. Mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, wa pili huugua kwa kadiri ya jozi moja katika kila nne. Katika hizo nyingine tatu, wa pili hubaki salama, ijapokuwa vinasaba ni vilevile, na hapo ndipo daktari anapotaka kutazama.

Mimi nilimwambia: mazulia mawili, sufu moja, rangi moja, fundi mmoja, moja linachujuka na jingine halichujuki, kwa sababu moja lilitandikwa dirishani. Akasema ni karibu na hivyo, lakini dirisha lenyewe hawajaliona.

Kuna jambo moja sijapata kukuandikia. Shangazi yenu, dada yangu, hamkumjua. Alifariki kabla hamjazaliwa. Alikuwa akienda kwa kushika ukuta huu huu. Wakati huo hakuna aliyejua jina la maradhi yake. Watu walisema ana maringo, wengine wakasema analewa. Mkono wake ulichora mstari mweusi ukutani, usawa wa kiuno, kutoka chumbani hadi maliwatoni. Alipokwisha kuzikwa nilipaka rangi mara ya kwanza, nikapaka tena, mpaka mstari ukapotea. Sasa umerudi, mahali palepale. Dada yako hakuwahi kuuona na sikuwahi kumwonyesha. Akili yangu inaniambia kwamba mikono ya wagonjwa hutafuta usawa mmoja. Hata hivyo mimi hupita upande wa pili wa ukumbi.

Daktari amesema mlango wa utafiti utafungwa mwisho wa mwaka. Fikiri tena.

Pamoja na barua hii nakuletea shali nyekundu ya dada yako. Imenaswa na msumari wa kitanda ikatoboka. Nilitaka kuiziba mwenyewe, akakataa. Anasema inataka mkono wako.

Baba yako


2 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia, na kwamba Dada amepata siku nzuri nyingi kuliko mbaya. Huku sisi hatujambo. Mkasi ameugua mafua na karakana nzima ina amani.

Shali nimeiziba na nimeifunga pamoja na barua hii. Sufu ya asili sikuipata, maana rangi ile haitengenezwi tena, lakini nilichanganya nyuzi za namna mbili mpaka zikapatana. Mwambie Dada akitafuta tundu na akalipata, nitamlipia shali mpya.

Nimefikiri tena, kama ulivyoagiza. Naomba nikueleze ninavyoishi, ili usidhani kwamba ninamkatalia kwa uchoyo.

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kazi, nafunga jicho moja na kutazama bonge la sufu nyekundu. Kisha nafunga la pili na kulitazama tena. Wenzangu wanadhani ni mtindo wa fundi. Wewe unajua ni nini. Sijasahau jinsi Dada alivyotia sufu ya rangi ya tofali katika zulia jekundu la yule mteja wa hoteli, akaapa kwamba zinafanana, nasi tukamcheka. Tulimcheka, Baba. Mimi nilicheka kuliko wewe. Baadaye ndipo tulipojua kwamba jicho lake lilikuwa limeanza kuugua, na kwamba kwa ugonjwa huo rangi nyekundu ndiyo inayotangulia kuondoka.

Mguu ukifa ganzi kwa kukaliwa, nasubiri uamke huku nimeacha kupumua. Nikidondosha sindano, nauliza vidole vyangu. Mwezi uliopita nilikuwa nikirudi kutoka kazini, nikamwona Dada anakuja mbele yangu, ameinama upande mmoja, anaburuta mguu. Niliita jina lake. Kilikuwa kioo cha duka la samani, na mimi mwenyewe nilikuwa nimebeba zulia begani. Muuza duka alitoka akaniuliza namtafuta nani.

Ndiyo maana siji nyumbani. Sasa nimelisema. Haikuwa nauli, wala kazi kuwa nyingi. Naogopa kuingia chumbani mwake nikauona uso wangu juu ya mto.

Mtu anayeishi hivi, ukimpa karatasi yenye majibu, hataishi kabisa. Kwa hiyo bado nasema hapana. Mwambie anisamehe.

Mwanao


21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sina salamu ndefu leo. Dada yako ananyooshwa miguu na mwuguzi wa mazoezi, nami nimetumia nafasi hiyo ili nisiulizwe ninaandika nini.

Shali imefika. Kazi ya mkono ni safi. Nyuzi zimelala vizuri. Lakini rangi siyo. Kiraka kinaonekana kutoka mlangoni. Kimekufa, kimeelekea udongo, kana kwamba kimefuliwa kwa maji ya moto. Nimeitazama dirishani, nimeitazama uani, nimeiacha siku nzima na kuitazama tena. Fundi niliyemfundisha mwenyewe hawezi kuiita hiyo nyekundu moja, isipokuwa kama kuna lililomfika.

Sijamwonyesha dada yako. Nimemwambia kwamba mzigo haujafika.

Nenda hospitali. Usisubiri Mkasi akupe ruhusa, na usisubiri kuniandikia kwanza. Nenda.

Baba yako


30 Juni

Mwanangu,

Sijapata jibu lako, na sijui kama barua hii itakukuta katika chumba kile kile. Hujambo? Swali hilo nimelizoea mdomoni maisha yangu yote. Leo nimelikalia mbele ya karatasi asubuhi nzima.

Nina neno la kukuambia, na ni gumu kwangu. Nilikosea.

Wiki iliyopita dada yako aliniita.

"Baba, shali yangu iko wapi?"

"Haijafika."

"Baba."

"Imo kabatini."

"Tangu lini?"

Niligeuka kulitazama kabati.

"Ilete."

Niliileta nikamwekea mapajani. Aliishika kwa mkono wa kulia, akaisogeza kwenye jicho lake zuri, akaigeuza, akaipapasa. Nami nilisimama nikingoja aone nilichokiona, nikitafuta maneno ya kumwambia kwamba na mwenzake ameanza. Akaniuliza: "Kiraka chenyewe kiko wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. "Hapa? Hapa hapana kitu. Baba, unanitania?" Nikamwambia sina utani. Akanitazama mimi badala ya shali, muda mrefu. "Wewe ndiye unayehitaji daktari," alisema.

Daktari alipokuja kumwona yeye, nilimwomba animulike na mimi. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, wa muda mrefu. Amesema kwa jicho lenye ukungu huo rangi mbili zilizopatana zinaweza kuachana, na mtu asijue, kwa kuwa ukungu huingia polepole kama mgeni asiyebisha hodi. Dada yako akadakia: "Basi wateja wote waliotaka warudishiwe pesa zao miaka hii walikuwa na haki!" Daktari alicheka. Mimi sikuweza.

Mimi niliyewafundisha nyekundu sijui nimekuwa nikiona nini, wala tangu lini. Na kwa jicho hilo nikakuandikia ile barua. Nilikuwa nimekwisha kukuona mgonjwa kabla sijaifungua shali. Nadhani ningekuona hivyo hata kama ingekuwa nyeupe.

Macho yako hayana neno. Kazi yako ni njema. Naomba unisamehe, na naomba uandike, hata mstari mmoja, hata wa kunikaripia.

Baba yako


9 Agosti

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua zako zote mbili ninazo. Hakuna la kukusamehe. Natumaini wamekupangia siku ya kutolewa huo mtoto wa jicho, na kwamba Dada hakuonei sana kwa ajili yake. Najua anakuonea.

Naomba barua hii uisome peke yako kwanza.

Ya Aprili niliisoma nimesimama ngazini pa karakana. Nilipanda nikachukua bonge la sufu, nikafunga jicho moja. Nyekundu. Nikafunga la pili. Nyekundu. Sikuamini. Ukiitazama kwa muda mrefu, hata rangi nzima huanza kufifia. Mchana nilikuwa sijui tena nyekundu ni nini. "Unamkonyeza nani wewe?" Mkasi aliniuliza. Nikaanza kulia, naye akanivua aproni kwa mikono yake na kunitoa nje bila neno, jambo ambalo halijawahi kutokea kwake.

Daktari wa macho alinipima kwa taa zake zote. Akasema macho yangu ni mazuri kuliko yake. Nilicheka kwa sauti mpaka akanitazama vibaya. Nilikuwa nimekwisha kuchukua mkoba aliponiuliza, kwa mazungumzo tu, kilichonileta. Nikamweleza habari za Dada.

"Pacha?"

"Ndiyo."

"Wa kufanana?"

"Ndiyo."

Akakaa tena.

Alinituma kwa daktari wa neva, na huyo akanituma kwenye mashine ya sumaku inayopiga picha ubongo. Zamu ilichukua muda mrefu, ndiyo maana sikuandika. Sikutaka kukuandikia nusu ya habari. Barua yako ya Juni ilifika siku chache baada ya picha.

Kuna madoa, Baba. Meupe, machache, yametawanyika kama matone ya chokaa yaliyomwangukia mtu aliyepita chini ya ngazi ya mpaka rangi. Daktari aliyaonyesha kwa ncha ya kalamu. Ni makovu yale yale, ila yangu hayajasema kitu. Sijawahi kuugua ugonjwa huu hata siku moja. "Huna ugonjwa," aliniambia. "Una alama." Wenye alama kama hizi, wengi hupata shambulio la kwanza katika miaka inayofuata. Wengine wengi hawalipati kamwe, wanazeeka, wanakufa kwa mengine. Nikamuuliza nitakuwa upande upi. Akasema hajui. Nikamuuliza kama jeni zangu hazijui. Akasema jeni hazijui; zinaelemea upande tu.

Kuna dawa. Wapo wanaoianza mapema, kabla ya dalili, nayo ina mizigo yake. Wapo wanaosubiri na kupiga picha tena. Ameniachia nichague.

Unaona jinsi mambo yalivyokwenda. Nilikataa tone la damu ili nisijue, na sasa nimejua zaidi ya yale ambayo damu ingeweza kuniambia, kwa sababu ya kiraka ambacho hakikuwa na kosa. Jicho lako lilikosea juu ya shali. Sijui nikushukuru au nikulaumu, nimeacha kuchagua.

Nakuomba jambo moja. Dada asijue. Unapomsomea, ruka hapa.

Mwanao


1 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako peke yangu, nikaisoma tena, na baadaye nikanawa uso na kwenda kumsomea dada yako.

Nilijaribu. Nilisoma salamu, nikasoma habari za Mkasi na aproni, nikamsomea na ya daktari wa macho; alifurahi sana, akapiga ukingo wa kitanda kwa mkono. Nikavuka nikafikia saini yako.

"Umeruka," akasema.

"Sikuruka."

"Baba, umevuta pumzi pasipo na nukta. Tangu utoto wetu unatusomea, hujapata kuvuta pumzi pasipo na nukta. Rudi."

Sikurudi. Akanyoosha mkono, akaichukua barua, akaileta kwenye jicho lake zuri na kuisoma mwenyewe, polepole, nami nikiwa nimesimama kama mwanafunzi aliyekamatwa. Ilimchukua muda mrefu. Nilitarajia alie. Hakulia. Alisema, na naandika alivyosema: "Nilidhani nimebeba fungu la wote wawili."

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote hii nilishangazwa na uchangamfu wake, nikadhani ni tabia tu. Ulikuwa ni hesabu. Aliamini kwamba kulikuwa na ugonjwa mmoja kwa ajili yenu wawili, na kwa kuwa alitangulia kuzaliwa aliuchukua yeye, wote, wewe ukabaki mtupu. Kila kilichomwondoka alikitoa kwa ajili yako. Hakuna daktari aliyemfundisha hivyo. Alijifundisha mwenyewe, kwa sababu hakuna namna nyingine iliyompa usingizi.

Tangu siku hiyo hatoki kitandani. Amelala akitazama ukuta. Mwuguzi wa mazoezi alikuja akarudi. Daktari alikuja na vichupa vyake vya damu, akidhani labda umebadili neno lako. Dada yako akasema, bila kugeuka, kwamba sasa asiyetaka ni yeye. Daktari aliondoka na vichupa vitupu. Nilimsindikiza hadi langoni.

Nitapasuliwa macho mwezi ujao, moja kwanza. Naogopa. Siogopi kisu; naogopa nikirudi nitauona ule ukuta wa ukumbini ulivyo.

Sikuagizi uje. Sikuagizi unywe dawa wala uiache. Nimekuwa mtu wa kuagiza, na unajua. Katika nyumba hii kila aliyeniuliza nilimpa jibu, na mara nyingi kabla hajamaliza swali. Hili sina. Niambie nimwambie nini dada yako.

Baba yako


19 Septemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naombea macho yako. Tafadhali msomee Dada barua hii yote, na kama hataki kugeuka, isomee mgongo wake. Kuanzia hapa nazungumza naye.

Dada,

Sikuulizi hali. Nimeambiwa.

Hukubeba fungu langu. Ungekuwa na uwezo huo ningekukabidhi na mengine, nina meno mawili yanayonisumbua. Na kama hukunibebea, basi hukushindwa kunibebea. Hakuna ulichonidondoshea. Tulipewa mwelekeo mmoja, wewe na mimi, na zaidi ya hapo hakuna anayejua kitu, hata hao wenye mashine.

Mimi nilifanya hesabu yangu pia, na ilikuwa mbaya kuliko yako. Wewe ulijidanganya ili unilinde. Mimi nilikaa mbali ili nisikuone. Nilipokuwa nikijichunguza vidole kila asubuhi nilisema nakuogopea, na ilikuwa uongo, nilikuogopa wewe.

Sasa nakuuliza, na naomba unijibu kupitia kwa Baba, kwa maneno yako, hata kama ni ya kunitukana. Umeingia chumba hiki kabla yangu. Miaka yote nilisimama nje kwa kuogopa kukukuta umo. Sasa niko mlangoni na humo ndani sioni kitu. Niambie swichi ya taa iko upande gani. Siku ya kwanza ilikuwaje, kabla hujajua ni siku ya kwanza? Ni nini ulichoacha kufanya mapema mno, ambacho ungeweza kuendelea nacho? Nani ulimwambia ukajuta? Daktari wangu anajua mengi, lakini hajawahi kuamka ndani ya mwili wetu. Ninayemjua aliyeamka humo ni wewe tu.

Juu ya damu: ni yako, toa au usitoe. Huyo daktari alitaka mgonjwa na mzima, na sisi hatuko hivyo tena. Sijui kama bado tunamfaa. Mwulizeni. Kama anatutaka tulivyo, nataka kuitoa tukiwa tumekaa kwenye benchi moja, unione nikiogopa sindano. Utacheka. Fundi anayeogopa sindano.

Baba, sasa nimerudi kwako.

Mkasi amesema kiti changu hakikaliwi na mtu mpaka nimwambie. Mambo mawili sijayaamua: dawa, na kuja. Kila jioni nimekwisha kuyaamua yote mawili, na kila asubuhi siyakumbuki. Sitaki kuwaandikia uamuzi wa jioni.

Hii naiandika juu ya magoti, katika ukumbi wa hospitali, na benchi lina mguu mmoja mfupi. Nakuomba usiupeleke mwandiko dirishani kuuchunguza. Yasome maneno.

Wameniita. Nikishaamua nitawaandikia.

Mwanao, na mwenzako